Nimepokelewa Ukweni Pamoja na Sofa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe wa watu.

Mnajua niko kwenye majaribio ya utingo wa lori pale Iringo, hapa Musoma. (Ndiyo, utingo mwenye shahada ya usafirishaji. Endeleeni kusoma.) Leo tulikuwa tunatoa vyombo vya bibi harusi Musoma kuvipeleka kwa wakwe zake Butiama, kwa lori lisilo na kingo hata kidogo. Mzee Wambura, dereva na mwalimu wangu, akasema: "Unafunga peke yako. Kikisogea kitu hata kidole kimoja, kesho baki nyumbani na digrii yako."

Nikakaza mikanda. Nikawaza matuta, nikaongeza mkanda. Nikawaza ng'ombe wakikatiza barabara, nikaongeza mwingine.

"Wasomi mnaogopaga nini?" akafoka. "Panda twende!"

Sheria yake ni moja: aliyefunga mzigo anapanda nao. Nikakaa kwenye sofa. Nikawaza: na mimi je, si mzigo? Nikajifunga mkanda wa mwisho tumboni, pamoja na sofa, nikakaza mpaka chuma chake cha kukazia kikalia.

Tumefika Butiama, vigelegele! Mzee Wambura akafungua mikanda ya vyombo, akaitwa kunywa chai. Nikajaribu kufungua wangu. Wapi! Kukaza nilifundishwa wiki nzima. Siku ya kufunzwa kufungua nilikuwa Bunda, kwenye usaili wa kazi nyingine. (Nilimwambia Mzee nina malaria.)

Nikisema nimekwama, kazi sina. Nikaegemea sofa kama bosi. Vijana wa pale ukweni wakadhani ni manjonjo ya sherehe, wakanibeba na sofa hadi sebuleni. Nikawapungia watu mkono. Sijui kwa nini.

Shangazi wa bwana harusi akafungua daftari.

"Kabati?"

"Lipo!"

"Kitanda?"

"Kipo!"

"Sofa?"

"Ipo!"

Akanitazama juu ya miwani. "Na huyu? Mbona hayupo kwenye orodha?"

"Labda wamemleta achunge ng'ombe," akasema bibi mmoja.

"Mwembamba hivyo? Arudishwe!"

Mzee Wambura akaingia na kikombe chake. Akakagua kabati, kitanda, sofa. Akavuta mkanda wa tumboni kwangu, haukutikisika.

"Kuna kilichosogea njiani?"

"Hakuna, Mzee. Hata mimi."

Akanywa chai taratibu. "Kazi umepata. Kesho tunarudia somo la kufungua, lile la siku ya malaria yako ya Bunda."

Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi mbavu haziruhusu.