Kura Tano na Nyumba ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema. Nimefundisha hesabu za sehemu darasa la tano na wameelewa wote, isipokuwa safu ya dirishani, ambayo haijawahi kuelewa kitu tangu Januari. Keshokutwa nchi inapiga kura na darasa langu litakuwa kituo. Nimeteuliwa karani mwongozaji, yaani mtu wa kupanga foleni na kuwaonyesha watu mlango wa kuingilia. Mlango wenyewe ni mmoja. Hata hivyo nimepewa kizibao cha njano.

Habari kubwa ni nyingine. Wenzangu wa chuo cha ualimu wamefufuka! Tulikuwa watano, meza moja, miaka mitatu. Leo kundi letu la simu limeamka na wote wanataka tukutane Jumamosi ya tarehe 18, tule, tucheke, tujuane upya. Waziri keshaandika kwamba twende hoteli moja yenye bwawa la kuogelea. Tunamwita Waziri kwa sababu tangu chuoni anapanga mambo ya watu bila kuombwa.

Mimi nataka waje hapa. Nyumbani kwa Mama. Kila Jumapili walikuwa wanakuja hapa, wanakula, wanalala mkekani mpaka jua linapungua. Mama alitutoka Februari. Tangu watu wa msiba waondoke hajaingia mgeni. Kabatini kuna vikombe kumi na viwili, natumia kimoja.

Niandike kwenye kundi: njooni kwangu, nyumba imepoa? Haiwezekani. Mtu mzima, mwalimu, mwenye kizibao! Nimeandika kwamba kwa kuwa huu ni msimu wa uchaguzi, tuamue kwa kura ya siri, Jumamosi hii, darasani kwangu. Hoteli au Nyumbani. Wamekubali wote. Wameingia kwenye kumi na nane zangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kampeni!

Wakati wa mapumziko nimempigia Baba Pacha. Ana pacha wa miaka minne wanaofanana mpaka kwa makosa. Nimemwambia awalete, uwanja upo, mpira upo. Amesema, bwana wee, wewe ndiye ndugu.

Saa saba nimempigia Twiga, mrefu wetu. Anafundisha chekechea, na akisikia sauti ya mtoto siku isiyo ya kazi anaumwa kichwa. Nimemwahidi watu wazima watupu, na kimya cha kusikia majani yakianguka. Ameshusha pumzi ndefu.

Baada ya kazi, Kengele. Mwalimu wa michezo. Hana haja ya simu, angefungua dirisha tu ningemsikia. Nimemwambia aje na spika yake kubwa, majirani hawana neno. (Majirani sijawauliza.) Amecheka mpaka simu ikatetemeka mkononi.

Waziri sikumpigia. Huyo ndiye mpinzani.

Anayesoma haya atasema nimedanganya. Si kweli. Kila ahadi, ukiichukua peke yake, ni ya kweli kabisa.

Hesabu: Baba Pacha, Twiga, Kengele, mimi. Nne kwa moja!

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya kupiga kura. Foleni imefika mpaka kwenye vyoo. Nimesimama mlangoni tangu alfajiri nikitazama nyuso, maana mtu anaingia kwenye kituturi, kile kibanda cha boksi cha kupigia kura, na uso mmoja, anatoka na mwingine. Fundi viatu wa mtaa wetu aliingia amenuna, akatoka anatabasamu kama ametupiga chenga sote. Bibi mmoja alinivuta kizibao akauliza yupi kati ya wale pichani mwenye adabu. Nikamwambia sheria hainiruhusu. Akasema basi kumbe hata wewe hujui, baba.

Nilitaka sana kujua kila mmoja kampa nani. Ni ugonjwa wangu. Uchaguzi uliopita nilikuja na Mama. Alivaa viatu vyake vya kutokea, vinavyombana, na tulipotoka nikamuuliza. Akasema maswali mengine nikawaulize wanafunzi wangu. Nilijua nitamchimba taratibu, siku yoyote. Sasa sitajua. Ni jambo dogo, lakini leo limenikaa kichwani kutwa.

Saa kumi jioni nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijapiga kura. Nikataka kupenya mbele. Askari akaniambia foleni inaanzia kule nyuma, na aliyeipanga ni mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maandalizi. Nimekata boksi la friji, limekuwa kituturi kizuri kupita kile cha serikali. Sanduku la kura ni bati la biskuti la Mama, alimokuwa akiweka vifungo vya nguo. Nimevimimina kwenye bakuli. Kuna cha shati langu la sare la darasa la kwanza. Alikihifadhi cha nini, sijui. Nimekirudisha kwenye bakuli, nikakitoa tena, nikakitia mfukoni.

Mwalimu mkuu kaniona nabeba boksi. Kauliza ni nini. Nikasema zana za kufundishia. Amefurahi mno. Kasema Jumatatu nifundishe uchaguzi mbele ya shule nzima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamefika! Kengele alininyanyua juujuu kama mzigo. Twiga aliinama mlangoni kwa mazoea. Baba Pacha amenenepa. Waziri kaja na daftari. Wakanipa tena pole ya Mama. Nikasema ahsante na kuwapanga foleni upesi. Foleni ya watu wanne. Kengele akauliza kama na hapa kuna askari.

Nikatoa maelezo: andika neno moja, kunja, tumbukiza. Kalamu moja, wino mmoja. Mimi nikapiga wa kwanza, ili kuonyesha mfano.

Sasa niandike kwa uaminifu. Ndani ya boksi nilitafakari. Nne kwa moja! Waziri atabaki na kura yake mwenyewe, mbele ya watu. Itamuuma. Na mimi nitajulikana nimejipigia. Mwenye nyumba kujipigia, haipendezi. Tatu kwa mbili inatosha, tena ni ushindi wenye heshima zaidi. Nikaandika: Hoteli. Kwa mkono wa kushoto, maana sote tunasahihisha madaftari kutwa na tunajua miandiko. Nikatoka nikijiona muungwana.

Akaingia Baba Pacha. Alipotoka akaniuliza, kwa sauti, kama ule mpira ni saizi ya watoto, maana pacha hawalali tangu wasikie wamealikwa. Twiga, aliyekuwa anaelekea kwenye boksi, akasimama. Pacha gani? Nikasema ni watoto watulivu sana. Baba yao mwenyewe akacheka, akasema watulivu, ndiyo, wakishalala. Twiga akaingia kwenye boksi na uso wa mtu anayesahihisha hesabu mbovu.

Nikaona nitulize mambo. Nikatangaza kwamba ukiacha watoto, hakutakuwa na kelele nyingine yoyote. Kengele akauliza, na spika? Nikasema spika tutaangalia. Akasema aaa, kumbe mambo yenyewe ya kuangalia, akaingia kwenye boksi akipiga mluzi. Mluzi wa hasira.

Waziri akamalizia.

Hoteli tatu. Nyumbani mbili.

Kengele ndiye aliyesoma. Karatasi moja aliigeuza juu chini, akauliza huyu aliyeandika kwa mguu ni nani. Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Waziri hakucheka. Aliichukua, akaitazama, akanitazama, akairudisha kwenye bati.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimezisahihisha zile kura. Kura ni siri, najua. Lakini bati lilikuwa mezani na mimi nilikuwa mezani.

Hoteli, herufi za duara kama vidole vya mtoto: Twiga. Hoteli, mstari unaoporomoka kama mtu anateleza mlimani: Kengele. Hoteli ya kushoto: mjinga mmoja ninayemfahamu. Nyumbani, kalamu imekandamizwa hadi karibu kutoboa: Baba Pacha. Ya tano: Nyumbani, herufi zimesimama wima kama gwaride, na chini yake mstari ulionyooka kabisa. Nani anaingia kupiga kura na rula?

Waziri!

Waziri kaikataa hoteli yake mwenyewe! Ningejipigia, ningeshinda. Lakini hilo limeuma dakika tano tu. Linalonisumbua ni lile jingine: kwa nini? Nimezunguka nalo chumba hadi chumba. Siwezi kumuuliza, nitakuwa nimekiri kupekua kura. Nikamtumia ujumbe wa kijanja: nasikia bwawa la ile hoteli ni zuri sana, yeye anaonaje?

Amejibu: Ndiyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefundisha uchaguzi mbele ya shule nzima. Darasa la tano wamechagua kiranja. Msichana mmoja wa safu ya dirishani akauliza kama mtu anaruhusiwa kujipigia. Nikasema inaruhusiwa, ila si adabu. Akajipigia. Kashinda kwa kura moja.

Nilipofika nyumbani Waziri akapiga simu. Salamu hakutoa. Alisema mwaka wa pili, nilipovunjika mkono, niliandika kwa kushoto wiki sita, na aliyekuwa akinakili upya kazi zangu ili wakufunzi waweze kuzisoma ni yeye. Ule mwandiko angeutambua hata ukutani. Akauliza nina akili timamu? Nataka waje, au sitaki?

Nikasema matokeo ya uchaguzi lazima yaheshimiwe.

Akasema kwamba alipofeli mtihani wake wa kwanza alikuja hapa, na Mama hakumuuliza kitu. Alimwekea mchele mbele yake, wakachambua wote wawili mpaka machozi yakakauka yenyewe. Tangu msiba hajaweza hata kupita mtaa wetu. Hoteli aliitaja kwa kuiogopa nyumba hii. Na alipoingia kwenye lile boksi langu la friji akaona aibu kwa woga wake, akaandika Nyumbani.

Miaka yote nikidhani Mama ni wangu peke yangu.

Akasema keshazungumza na wote. Wanakuja Jumamosi, kura au bila kura. Twiga kakubali pacha, mradi wasimpande. Kengele analeta spika, sauti ya chini. Kazi yangu ni kuchemsha maji tu.

Nilitaka kumwambia ahsante, dada yangu. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekuja. Vikombe vyote vimeshuka kabatini, na kimoja kimevunjika, pacha wakasingiziana vizuri sana. Ilipofika saa nane Twiga alikuwa na mtoto mmoja mabegani, akilalamika, na kila nilipojaribu kumtoa alimshika miguu. Sauti ya chini ya Kengele imewaleta majirani. Walikuja kugomba, wakakaa.

Waziri aliingia jikoni peke yake na kurudisha mlango. Alikaa sana. Alipotoka amenawa uso, akagomba kwamba nimehamisha kopo la chumvi, mahali pake ni kulia.

Kisha wakaanza. Kengele alisema Mama ndiye aliyemwambia sauti yake si kasoro, atafute tu kazi ya uwanjani. Baba Pacha alisema alimleta mchumba wake hapa kabla ya kumpeleka kwao, Mama akawapikia mayai na kumkonyeza kwamba huyu hapa usimwache. Sikuwapo siku hiyo! Nilikuwa wapi? Nikauliza, nikauliza tena, alivaa nini, alisema vipi, alicheka? Nimesikiliza habari za mama yangu kama za mtu ambaye ndiyo kwanza naanza kujuana naye.

Wakati wa kuaga Waziri akasimama katikati ya sebule. Akasema mbele ya wote: mwezi ujao tuje, au tusije? Neno moja tu, mwalimu. Ndiyo au hapana. Wote wakanitazama, hata pacha.

Nikasema tuunde kamati.

Kengele alinirushia mto wa kochi. Wakavaa viatu.

Basi, leo nimejifunza. Ujanja haujanisaidia hata mara moja. Mtu akitaka kitu akitaje, waziwazi, wenzake wamsikie. Kuanzia leo nitakuwa hivyo. Nimeamua kwa moyo wote.

Ndiyo maana walipokuwa wanahangaika na viatu vya pacha niliuchukua mwavuli wa Waziri na kuuficha nyuma ya kabati. Lazima ataufuata. Jumanne, au Jumatano. Nitamfungulia, nitashangaa, nitasema kumbe uliusahau, basi kaa kidogo, chai ipo. Hakuna kura, hakuna ahadi, hakuna mwandiko. Mpango safi!

Mvua imeanza. Kubwa. Naandika nikiwa dirishani. Hawajafika hata kwenye kona. Baba Pacha amewafunika watoto kwa koti, Kengele kaikumbatia spika yake kama mgonjwa. Waziri anatafuta kitu kwenye mkoba. Anatafuta tena. Sasa amegeuka, anaitazama nyumba.

Anarudi. Wote wanarudi, wanakimbia! Mapema mno. Bado sijafanya mazoezi ya kushangaa.