Joho la Shemeji

Alhamisi, 18 Desemba

Balaa! Mwalimu wa kwaya katangaza mbele ya watu wote kwamba solo ya Krismasi ataimba shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Muuza nyama! Mimi nimeambiwa nikae safu ya nyuma na nisiwafunike wenzangu kwa sauti. Ubaya ni kwamba mama mkwe anakuja, na mwezi uliopita nilimwambia kwenye simu kuwa atanisikia nikiimba peke yangu. Alifurahi mpaka akalia. Sasa uso nitauweka wapi? Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 19 Desemba

Mungu hamtupi mja wake. Majoho mapya ya kwaya anayashona nani? Mimi! Leo shemeji kaja kupimwa. Kasimama karibu na cherehani yangu, mikono juu, ananisimulia jinsi solo inavyomnyima usingizi. Nikampa pole. Nikapima kifua, halafu kimoyomoyo nikapunguza upana wa vidole vinne.

Ule ubeti wa solo una mstari mmoja mrefu unaopanda juu kabisa. Hauimbiki bila kujaza mapafu. Akibanwa, ataishia njiani, mwalimu atageuka nyuma kutafuta msaada, na nyuma nipo mimi. Sioni dhambi hapo. Simuumizi mtu, nampunguzia hewa tu.

Jumatatu, 22 Desemba

Majoho yamekwisha. Langu nimelishona kwa kipimo cha suti yangu ya harusi. Fundi mzima nijipime tena ili iweje? La shemeji na langu yamefanana kama mapacha, kwa hiyo la kwake nimelitia alama ya chaki ndani ya kola. Mke wangu kasema tangu anioe hajaniona nikimshonea kaka yake kitu kwa moyo namna hii. (Mimi ndiye niliyemuoa, lakini sikubishana.)

Jumanne, 23 Desemba

Nimekwisha! Nimerudi kutoka kununua vifungo, nakuta mke wangu kayapiga pasi majoho yote. Kola kazifuta moja moja kwa kitambaa kibichi, eti moja ilikuwa na uchafu wa chaki. Nikamuuliza kwa upole la kaka yake ni lipi. Akaniuliza fundi ni nani kati yetu.

Nimejificha nyuma ya pazia na kuvaa moja kati ya yale mawili. Halifungiki! Kifungo na tundu havionani kabisa. Basi hilo ndilo la shemeji, hakuna haja ya kujaribu la pili. Nimempelekea mwenyewe mpaka buchani. Kanishukuru, kanifungia na nyama. Nimeipokea. Ningekataa angeshtuka.

Jumatano, 24 Desemba

Mama mkwe kafika. Kawaambia majirani wote kwamba kaja kumsikiliza mkwe wake. Shemeji alikuwepo, akasikia yote. Nimekunywa chai kwa raha.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi! Sijui nianzie wapi.

Nyuma ya kanisa tulivaa majoho. La shemeji limemkaa kama kazaliwa nalo. Langu limefungwa na wanakwaya wawili, mmoja akivuta, mwingine akisukuma. Hapo ndipo nilipoelewa. Lile lililokataa kufungika juzi lilikuwa langu, na sasa nimevaa lile nililolipunguza vidole vinne! Shemeji bado ana mwili niliokuwa nao siku ya harusi.

Nikajipa moyo, safu ya nyuma hawahitaji pumzi. Lakini tulipokaribia solo, shemeji akashuka kutoka mbele, akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Shemeji, kaimbe wewe. Mama kaja kwa ajili yako, mimi kanisikia tangu utotoni."

Machozi yalinilenga. Nilitaka kukataa, miguu ikaenda yenyewe. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, tayari ana leso mkononi. Mstari wa kwanza nikauimba kwa pumzi ya kuazima. Wa pili vivyo hivyo. Ukaja ule mrefu. Nikavuta hewa.

Mshono wa mgongoni ulipasuka kuanzia kola mpaka kiunoni. Kifungo kimoja kikampiga mchungaji kwenye miwani. Kisha mama mkwe akaanza kucheka, na hakuna aliyeweza kujizuia, hata mchungaji. Shemeji akaja mbio, akafungua joho lake, akanifunika bega kwa bega ndani yake, akaudaka ule mstari pale nilipouangusha. Tukaumaliza pamoja, joho moja, vichwa viwili. Watu walisimama, vigelegele, watoto wakarukaruka juu ya mabenchi. Mama mkwe alitukumbatia wote na kusema hajapata kusikia wimbo mtamu kama ule. Nakiri, nimefurahi kuliko miaka yote.

Ijumaa, 26 Desemba

Mke wangu kanipima kwa futi yangu mwenyewe. Kasema kinyozi hajinyoi, kisha kacheka mpaka kakaa chini. Mama mkwe kataka nimshonee shemeji shati la shukrani. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Ila mwalimu wa kwaya kapita kutangaza kwamba Pasaka solo tutaimba wawili, mimi na shemeji. Wawili! Yaani nusu ubeti kila mtu!

Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona. Chaki hufutika. Hilo shati nitalitia alama kwa uzi mwekundu.