Bunduki ya Baba wa Bwana Harusi

Jumapili, 2 Novemba
Nimenunua bunduki! Ya kale, ina nakshi za fedha. Mzee Musallam wa Qurayyat alitaka riali 450, nikamshusha mpaka 380. Mwanangu Shihab anaoa Ijumaa ya tarehe 14, na kwenye razha, ngoma ya wanaume wenye silaha, nataka kusimama mbele na yangu mkononi, kama baba mtu. Shemegi yangu Harub, kaka wa mke wangu, anayo yake. Mwaka jana nilicheza na fimbo. Akaniuliza mbuzi wangu nimewaacha wapi.

Tatizo: haiji nyumbani. Inalala dukani kwa Khalil, muuza silaha, mpaka afisi ya vibali imalize kunichunguza kama nna kesi. Ada ya kuhamisha umiliki, riali 35. Kuihifadhi, riali 2 kwa siku. Pampu za maji ninazouza zinalala ghalani miaka na hakuna anayezilipia kitanda.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata njia. Musallam aandike kuwa kanipa zawadi. Pasipo mauzo, ada ya nini? Nimekwenda mpaka Qurayyat, petroli riali 4, mzee kaandika. Khalil kasoma, kanipongeza kwa kuwa na rafiki karimu, kisha kasema zawadi nayo hupitia dukani. 35 ile ile, na riali 5 za fomu ya zawadi. Nikamwambia basi tuseme nimenunua. Kasema fomu ikishapigwa muhuri haifutiki.

Alhamisi, 6 Novemba
Afisi ya vibali. Binti wa dirishani, Jawaher, ana adabu ya kuudhi. "Ami, uchunguzi wako umesimama. Una kesi iliyo wazi."

Mimi! Nilianza na pampu moja mbovu, leo nna maduka mawili, na hakuna anayenidai hata baisa. Nikasema wamenichanganya na mtu. Akanigeuzia kompyuta. Mlalamikiwa: Harub. Kosa: kuegesha gari mbele ya geti langu, mwezi wa Machi. Mlalamikaji: mimi.

Nilikwishasahau. Haifungwi mpaka tutie saini sote wawili.

Jumapili, 9 Novemba
Nimemtuma mke wangu, Mahbuba, akamsemeze kaka yake. Alicheka kwanza, mpaka akakaa chini. Karudi na sharti: nikiri mbele ya watu, chakulani, kwamba gari halikuwa na kosa, geti ndilo lililokaa vibaya. Geti nililijenga mwenyewe!

Jumatano, 12 Novemba
Jana nilikiri. Watu kumi na tisa, sinia tatu za pilau. Harub akasema, "Nimekusamehe, shemegi. Na geti nalo nimelisamehe." Hata watoto walicheka.

Leo tumetia saini. Jawaher kafurahi, kasema sasa uchunguzi unaweza kuanza. Kuanza! Siku tano za kazi. Ijumaa na Jumamosi hazimo. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa simu. Hesabu zote mbili zinasema Jumatano ijayo.

Ijumaa, 14 Novemba
Harusi. Fimbo.

Safu ilipojipanga, Harub alisogea, akanipisha katikati, ubavuni mwa Shihab. Sikumwomba. Shihab akanishika mkono, akasema, "Baba, leo umependeza." Machozi yakaanza kunilengalenga. Hapo ndipo nilipoona mpiga picha kaganda upande wa Harub.

Jumapili, 16 Novemba
Picha zimekuja. 212. Bunduki ya Harub imo katika 97. Fimbo yangu 14, na katika tatu ni ncha tu.

Jumatano, 19 Novemba
Uchunguzi umetoka, sina doa! Hifadhi siku 18 ni riali 36, ada 35, zawadi 5, petroli 4. Jumla 80, na harusi imekwisha. Mahbuba kaitazama bunduki, kauliza sasa nani anaolewa.

Lakini nimesikia jambo. Harub bega linamuuma tangu harusi, anauza bunduki yake. Na Khalil anasema silaha ya pili mwezi huo huo, ada nusu. Nusu! Nitakuwa nazo mbili, Harub atabaki na fimbo. Nimepeleka fomu papo hapo.

Jawaher kaniuliza kama nna kesi yoyote iliyo wazi. Nikamwambia sina hata moja. Ila hii niliyofungua leo asubuhi, ya mpiga picha.