Kasha Lenye Cheti cha Ukimya

Mwaka wa 1994, kabla ya mvua za vuli, Serikali iligundua kwamba kompyuta ya Emali ilikuwa na kelele, na ikachukua hatua.

Tangazo lilisomwa nje ya Ofisi ya Ustawi wa Ubunifu, kando ya reli, na Bwana Kiema, Afisa Msimamizi, akiwa amepanda juu ya kreti ya soda ili wananchi wamwone. "Kuanzia leo," alisoma, "Idara imeunda Kamati Maalum ya Kuchagua Kasha Dogo na Tulivu la Kompyuta kwa Ajili ya Kazi za Ubunifu." Wakati huohuo lori la ng'ombe lilikuwa likibadilisha gia kwenye barabara ya Mombasa, treni ya mizigo ilikuwa ikipiga honi stesheni, na kinu cha posho cha jirani kilikuwa kinasaga. Bwana Kiema alingoja vyote vinyamaze, kisha akasoma upya tangu mwanzo.

Kelele hizo hazikumsumbua. Barabara ilikuwa na wizara yake, reli ilikuwa na shirika lake, na kinu kilikuwa na leseni. Iliyobaki bila mwenyewe ni kelele ya kompyuta, naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bila mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza kidogo tu. Marafiki wa kanisa waliokuwa ng'ambo walimtumia Syokau, kiongozi wa kikundi cha kina mama waimbaji, kompyuta yenye kipaza sauti ili arekodi nyimbo za nyanya yake, Mbinya. Bibi huyo alikuwa mtunzi wa zile nyimbo za kumtaja mtu kwa jina lake. Ukichunga mbuzi wako kwenye shamba la mjane, au ukila mchango wa kisima, hukupelekwa kortini. Uliimbwa, siku ya soko, na watoto wako wakiwa hapo. Sasa Mbinya alikuwa amezeeka, na sauti yake ilikuwa ikikauka kama kisima chenyewe. Syokau alitaka kuidaka kabla haijaisha.

Lakini kila kitu kilichotoka ng'ambo kilipitia kwa Bwana Kiema, na kilichopitia kwa Bwana Kiema kilipumzika kwanza. Kompyuta ilipumzika juu ya meza yake. Kina mama waliporuhusiwa kuja kurekodi, feni ya ile mashine ilivuma kiasi kwamba Mbinya alisikika kama mtu anayeimba akiwa amefungiwa ndani ya kinu.

"Mzee, mimi naomba tu kibali," Syokau alimwambia. "Muktar ako na kasha kwa duka yake. Ndogo, chuma nzito, na feni inazunguka polepole. Tukihamisha mashine ndani yake hatutasikia kitu. Nimesikiza mwenyewe."

"Umesikiza kwa mamlaka gani?"

"Kwa masikio, mzee."

"Masikio ni mali ya mtu binafsi," Bwana Kiema alisema kwa upole. "Ukimya wa Serikali hauwezi kupimwa na masikio ya mtu binafsi."

Ndivyo Kamati ilivyozaliwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kiema. Katibu alikuwa Ndinda, karani wake. Mtaalamu alikuwa Kiilu, fundi wa redio pale stendi. Na kwa kuwa hakuna kamati ya ubunifu isiyo na mila, aliongezwa Mzee Nzioka, msemaji wa ukoo, ambaye katika mambo ya mila neno lake lingekuwa la mwisho. Kifungu hicho Bwana Kiema alikitunga mwenyewe, akakipenda sana. Hakikuwa na hatari yoyote. Mzee Nzioka alilala kila kikao kilipofunguliwa na kuamka chai ilipoletwa, na Ndinda aliandika kwenye kumbukumbu: "Mila haikupinga."

Muktar aliitwa mbele ya Kamati na kasha lake. Aliliweka mezani, akaliunganisha na umeme, akakunja mikono.

"Hii hapa. Washa, sikiza, chukua. Leo ni leo."

Kamati ilisikiliza. Kwa kweli hakuna kilichosikika, ila Mzee Nzioka akikoroma.

"Tatizo la kwanza," Bwana Kiema alisema, "kasha hili limepatikana kwa urahisi mno. Kama kasha sahihi lingekuwa la kupatikana kwa urahisi, Serikali isingeunda kamati."

"Haya. Na la pili?"

"La pili, halina utamaduni."

Muktar aligeuza kasha lake, akalitazama juu na chini. "Bwana Kiema, kwa kompyuta, utamaduni unakaa wapi?"

"Kwa nje."

Muktar alibeba kasha lake akarudi dukani, akiwaambia wateja njiani kwamba amekataliwa kwa kosa la kuwa na kitu kilichotakiwa.

Bwana Kiema hakuwa mtu mbaya. Siku chache baadaye alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Syokau kumweleza jinsi kazi inavyoendelea, na ni huko alikopata ufunuo. Chini ya paa la ghala ulining'inia mzinga wa nyuki, mtupu, wa gogo gumu lililochongwa likawa na uwazi ndani, umezibwa kwa kifuniko kila upande, na ubavuni umechomwa alama kwa chuma cha moto: mistari miwili na nusu duara. Ulikuwa mfupi kuliko mizinga mingine. Bwana Kiema aliugonga kwa kidole. Ulitoa sauti nzito, kisha ukanyamaza.

"Mdogo," alinong'ona. "Mtulivu. Wa kwetu."

"Huo ni wa marehemu baba," Syokau alisema. "Hata alama yake ndiyo hiyo."

"Alama ndiyo hasa tunayoitaka. Wageni watapiga picha."

Syokau akamgeukia nyanya yake, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Mbinya alimtazama afisa tangu viatu hadi kofia, kama mtu anayemtafutia mahali katika wimbo.

"Mwache achukue," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mzinga ukitoka nyumbani, alama hutoka nao."

Bwana Kiema alimshukuru kwa moyo wake wa kizalendo.

Kiilu alitoa matumbo yote ya kompyuta kwenye bati lake la zamani, akayapanga upande mmoja wa mzinga na kuacha upande wa pili mtupu. "Mzee, joto lazima ipate njia," alionya. "Hii shimo ya nyuki tusizibe. Na dirisha ikae wazi." Kamati iliazimia kwamba dirisha la ofisi likae wazi siku zote, iwe jua iwe mvua, na lisifungwe bila azimio jingine.

Lazima isemwe, kwa haki, kwamba lile gogo lilifanya kazi. Kompyuta ilipowashwa, Kamati iliinama kusikiliza. Mti ule ulikuwa umemeza kila kitu. Lori lilipita nje, glasi zikatetemeka, na Bwana Kiema akaagiza liandikwe kuwa ni sauti ya wizara nyingine. Kisha akatia saini Cheti cha Ukimya, akakipiga muhuri, akakitundika ukutani juu ya mzinga. Kuanzia saa hiyo kompyuta ya Emali ilikuwa kimya kisheria.

"Sasa tunaweza kuanza?" Syokau aliuliza.

"Bado haijazinduliwa. Tunamsubiri Mkurugenzi kutoka Nairobi."

"Mzee, leo asubuhi nyanya ameitisha maji kwa mkono. Sauti imekataa kutoka mpaka jua likawa juu. Tukingoja hivi, tutarekodi kikohozi."

Habari hiyo ilimgusa Bwana Kiema. Siku hiyohiyo alimwandikia Mbinya barua rasmi, akimwomba aitunze sauti yake hadi tarehe itakapotangazwa.

Mvua zikanyesha. Migunga ikachanua pande zote za reli, na hewa ya Emali, ambayo kwa kawaida ni ya dizeli na ng'ombe, ikanukia asali. Dirisha lilikuwa wazi, kwa mujibu wa azimio. Jumatatu moja Ndinda alifungua ofisi, akasimama mlangoni, asiingie.

"Mzee," alisema bosi wake alipofika, "kompyuta inanguruma."

"Haingurumi. Ina cheti."

"Njoo usikize."

"Ndinda, mimi nikisikiliza nitakuwa natilia shaka saini yangu mwenyewe."

Ndinda aliingia kwa kunyatia, akatoka haraka. "Nimechomoa waya kwa ukuta, mzee. Bado inanguruma."

Bwana Kiema alifikiri kwa makini, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. "Imechomolewa?"

"Kabisa."

"Basi ni wazi kelele hiyo si ya kompyuta. Cheti kinabaki vilevile."

Tangu siku hiyo Ndinda alifanyia kazi zake varandani. Bwana Kiema aliendelea kukaa ndani, akiwapungia mkono wadudu wawili watatu waliopita mbele ya uso wake. Hao, alivyojua yeye, walikuwa chini ya Wizara ya Kilimo.

Mkurugenzi alifika na bendera, msafara, na kikohozi cha mtu mkubwa. Mzinga ulibebwa taratibu hadi uwanjani na kuwekwa juu ya meza yenye kitambaa. Kina mama walikuwa wamekaa mbele, Mbinya katikati yao, shali shingoni. Walikuwa wameahidiwa kwamba baada ya uzinduzi wataimba na kurekodiwa.

"Serikali," Mkurugenzi alitangaza, "haikuja hapa kuchezea mila. Mila zote zinazohusu mzinga huu, narudia, zote, tutaziheshimu bila kuacha hata moja!"

Watu walipiga makofi. Hata Mzee Nzioka aliamka.

"Mheshimiwa," Bwana Kiema alimnong'oneza, "ukitega sikio hapa kwenye tundu, utausikia ukimya wenyewe."

Mkurugenzi aliinama, akaweka sikio. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepigwa picha. Kisha ukabadilika kidogo.

"Bwana Kiema. Hii kitu inavuma."

"Haivumi, mheshimiwa. Imethibitishwa."

"Nasema inavuma!" Na Mkurugenzi, ambaye hakuzoea kupingwa na gogo, akaupiga mzinga kofi.

Yaliyofuata hayakuwa kwenye ratiba. Kina mama, waliolelewa na wafugaji wa nyuki, walijifunika leso na kukaa kimya kama mawe. Msafara wa Nairobi ulitawanyika kila upande. Mkurugenzi alikimbia akipiga kelele ambazo hazikuwa na cheti, Bwana Kiema nyuma yake, na mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa duka la Muktar. Waliingia, wakaufunga. Muktar alikuwa nyuma ya kaunta, na lile kasha lake la chuma bado lilikuwa kwenye rafu.

"Karibuni," alisema. "Mmerudia kasha?"

Nyuki walipotulia, Mkurugenzi alifungua dirisha la duka kidogo. Sikio lake lilikuwa limefura kama andazi. "Wafukuzeni hao wadudu!" alifoka. "Na hiyo kompyuta nitaondoka nayo leo. Hii ofisi imekwisha!"

Mzee Nzioka alikuja hadi dirishani, mkono ukiwa juu ya fimbo. Alikuwa amelala vikao vyote, kwa hivyo hakuwa amechoka.

"Nyuki waliohamia wenyewe hawafukuzwi," alisema. "Ni baraka ya mwenye mzinga. Na mwenye mzinga ni mwenye alama. Alama ile ni ya Mutunga, baba yake Syokau."

"Nyuki wachukue! Mimi nasema kompyuta!"

"Iko wapi?"

"Si iko ndani ya mzinga!"

"Ahaa." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Kwetu, kilicho ndani ya mzinga ni cha mwenye alama. Anayeingiza mkono humo bila yeye, tangu zamani anaitwa mwizi. Mbuzi tunasamehe. Mzinga hatusamehe."

Watu walisogea karibu. Mkurugenzi alimgeukia Bwana Kiema. "Huyu mzee ana mamlaka gani?"

Bwana Kiema angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa taratibu, na kile kifungu bado alikipenda. "Katika mambo ya mila, mheshimiwa, neno lake ni la mwisho."

"Na wewe mwenyewe umesema zote," sauti moja ya mama ilitoka kwenye umati. "Tena ukarudia."

Mkurugenzi alitazama umati, akaona Mbinya akimtazama. Bibi alikuwa anasogeza midomo bila kutoa sauti, kama mtu anayejaribu vina. Dirisha la duka likafungwa.

Jioni, nyuki wakiwa wote ndani, Syokau aliziba tundu kwa majani na kuupakia mzinga kwenye mkokoteni wa punda. Nyumbani Kiilu alimsaidia kwa moshi mdogo, wakawahamishia nyuki kwenye mzinga mwingine wa Mutunga. Kompyuta waliikuta ina nta kidogo pembeni na haina kasoro. Gogo Syokau hakulitupa. Ndilo lililokuwa kasha tulivu kuliko yote, hilo aliikubalia Kamati. Mbinya alikunywa maji ya moto na asali, akaimba asubuhi hadi sauti ilipogoma, kesho yake akaendelea, na katika kanda waliyonakili kutoka kwenye kompyuta kila neno lilisikika safi, pamoja na pumzi za katikati.

Wimbo wa mwisho ulikuwa mpya. Ulimhusu mheshimiwa fulani aliyetega sikio kuusikia ukimya, na afisa wake aliyeutilia saini.

Siku ya soko Muktar aliuza kanda hiyo dukani, na redio za stendi yote zikawa zinauimba. Ofisini meza ilikuwa tupu, kuta zilikuwa kimya, na kile cheti bado kilining'inia mahali pake. Bwana Kiema alishika kalamu, asiandike kitu. Jina lake lilipita mara ya kwanza, wakaitikia wachuuzi wa nyanya. Lilipita mara ya pili, wakaitikia madereva wa malori.

"Ndinda," aliita, "tafadhali funga dirisha."

"Limefungwa tangu asubuhi, mzee."