Gololi ya Ransford Coker

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mlango wa mbele wa nyumba ya mbao, yenye msingi wa mawe, ya Bibi Iyamide Pratt, mtaa wa Murray Town, ulikuwa umezuiwa kwa jiwe usijifunge. Ransford Coker, aliyekuwa akipita na tai shingoni na bila kazi yoyote, aliliona jiwe, akasimama. Nyumba ya zamani, imara, mjane mmoja, kiwanja kinachotazama bahari. Mwenye hoteli angekilipia mara nne ya bei yake. Alipofika barazani alikuwa tayari mhandisi wa misingi.

"Samahani, Bibi. Nyumba yako inaumwa."

"Wapi, mwanangu?"

"Miguuni."

Akamtajia dalili alizozikariri: milango inayogoma, nyufa zinazopanda kwenye mawe kama ngazi, sakafu iliyolala upande, msingi unaotoka unga ukiukwaruza kwa ufunguo. Kwa ushahidi akaweka gololi sakafuni, akaisukuma kwa siri kuelekea mlangoni. Gololi ilikwenda kidogo, ikasita, ikageuka, ikakimbilia chini ya kabati. Ransford alijilaumu kwa kuisukuma vibaya.

"Maskini mimi!" Bibi akaliegemea kabati kwa mgongo. "Sasa nani atainunua?"

"Mimi. Nusu bei. Huruma tu, Bibi."

"Tuwaulize wazee kwanza."

Akapasua kokwa ya kola vipande vinne, akavirusha sakafuni kupiga ramli. Viwili vilitazama juu, viwili chini: marehemu wamekubali. Ila walitaka karamu, na mnunuzi awaeleze mwenyewe kwa nini nyumba yao inauzwa. Ransford alikwisha kuwadanganya polisi wawili na wakwe watatu, marehemu hawakumtisha.

Jumamosi mtaa mzima ulijaa uani kula bajia za kunde. Fungu la marehemu liliwekwa kwenye shimo walilochimbiwa. Ransford akasimama kando ya shimo, mkono kifuani.

"Wazee wetu, nimeukagua msingi huu. Umeoza wote."

"Paza sauti, Injinia," Bibi akasema. "Babu yangu alikuwa kiziwi."

"UMEOZA WOTE!"

Mpaka kanisani walisikia. Akatia sahihi hati ya mauzo, akalipa akiba yake yote, pamoja na ya binamu yake ambaye bado hajaambiwa.

Jumatatu iliyofuata wanaume wanne walilihamisha kabati la Bibi. Nyuma yake palikuwa na ufa uliomeza mkono wa Ransford hadi kiwiko. Akakagua milango ya ndani: yote ilikwisha kupigwa randa ili ifungike. Akashuka chini, akakwaruza jiwe la msingi. Ufunguo ulizama wote.

Alimkuta Bibi kwa bintiye, akinywa tangawizi.

"Bibi, umenitapeli! Msingi umeoza!"

"Ehee. Si ulituambia?"

"Nilikuwa nasema tu!"

"Mbele ya marehemu wangu?" Bibi akaweka glasi chini. "Nenda basi ukashtaki, mwanangu. Mashahidi ni mtaa mzima. Hata kiziwi alikusikia."

Saa kumi na moja jioni Ransford alirudi Murray Town, akaingia ndani, na kwa hasira akalipiga teke jiwe la mlangoni. Mlango ulijifunga wenyewe. Akauvuta, akausukuma, akautukana. Majirani waliokuwa barazani walimwona akitokea dirishani, tai ikitangulia.