Kwa Gongo Langu Mwenyewe

Jumatatu, 4 Mei
Nafasi ya msimamizi wa zamu imetangazwa hapa kwenye makao ya wazee, Toongabbie, huku ughaibuni. Ni yangu. Nimeisubiri hadi nimeota mvi. Shirleen naye ameomba! Shirleen huyu wa juzi tu! Meneja anasema anataka mtu anayefanya mambo "off his own bat". Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Jumanne, 5 Mei
Nimemuuliza Trevor, mzee wa chumba cha mwisho, nikimnyoa ndevu. Akasema msemo huo umetoka kwenye kriketi. Ni alama ulizozipata kwa gongo lako mwenyewe, si za mwenzako, wala zile za bwerere wapinzani wakikosea. Yaani kufanya jambo kwa akili yako, bila kusukumwa wala kubebwa. Kumbe! Huyo si ni mimi mtupu? Hata kazi hii mzee wetu Elkana alinitafutia tu. Kwenda nilienda mwenyewe.

Jumatano, 6 Mei
Usaili ni Ijumaa. Shirleen anajisomea chumba cha chai peke yake. Maskini, hana watu. Mimi nimempigia Elkana, dereva wa lori kule Port Botany. Ametusemea wengi kwenye posa na hajawahi kurudi mikono mitupu. Jambo zito mtu hajisemei, atadharauliwa. Atakuja na Kipchumba, mzee mwenzetu wa nyumbani, pamoja na Siméon, Mrundi wa kanisani kwetu, isije ikaonekana ni ukabila.

Ijumaa, 8 Mei
Tumeingia wanne. Meneja akauliza kama hawa ni wakalimani. Elkana akavua kofia, akasema walikuwa wakipita wakaona ua zuri kwenye boma hili. Meneja akatazama vyungu vya dirishani. Kisha akaniuliza mimi: ni lipi nimewahi kulifanya bila kuambiwa wala kusaidiwa? Nikainamisha kichwa kwa adabu, kama mwoaji yeyote aliyelelewa. Elkana akajibu kwamba kijana wao anajitegemea sana, wote watatu ni mashahidi. Siméon akakazia kwamba kila anachonishauri, mimi hukifanya peke yangu. Kipchumba akaulizia chai.

Jumamosi, 9 Mei
Shirleen amepewa. Aliingia peke yake kama yatima, na wakampa! Imeniuma, sifichi. Nimeshindwa hata kula. Elkana na wenzake wamekuja kunipa pole, tukashinda kutwa tukitafuta tulipokosea. Tumepaona. Tulienda bila mama hata mmoja! Nani atawapa wasemaji wanaume watupu? Campbelltown kuna nafasi nyingine. Safari hii tunakodi basi.