Presha Haiporomoshwi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Presha yangu leo: mia na tisini kwa mia na kumi. Namba kubwa hivyo sijawahi kuzipata popote, maana shule sikuingia. Mjukuu wangu hakucheka. Anafanya kazi kwenye gari la wagonjwa, na ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa kuninakilisha­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­­ maandishi ya maboksi ya dawa. Marehemu babu yake alimwita mke wake mdogo, basi mimi namwita mke mwenzangu.

Amechaguliwa kwenda kusoma mbali, mwaka mzima, arudi bingwa wa dharura. Hataki! Haendi popote, anasema, mpaka presha yangu ishuke. Jumamosi atanipima tena, na siku hiyohiyo ndiyo ya kuwajibu wakubwa wake. Nafasi ipotee kwa sababu ya mishipa ya kibibi kizee? Thubutu!

Nikamwambia anichome ile sindano ya garini, ishuke sasa hivi. Akakataa. Kichwa hakiniumi, kifua hakinibani, ulimi haujawa mzito, kwa hiyo sindano si yangu. Hata wanaoistahili huteremshwa presha polepole, maana ubongo uliozoea presha kubwa ukipunguziwa ghafla unakosa damu. Presha haiporomoshwi, kasema. Nimeze tu vidonge nilivyopewa, kimoja kila asubuhi. Nikaitikia vizuri tu. Sikumwambia kwamba nimeviruka tangu wiki iliyopita. Vinanikojoza!

Jumatano, tarehe 6 Machi

Hila ya kwanza. Jirani yangu, Mama Bangili, haachi kutamba kwamba presha yake ni ya msichana. Vizuri. Nikamwomba aniazime mkono. Akakubali, apate kusifiwa. Nikajifunika blanketi gubigubi kama mwenye homa, yeye akajibanza nyuma yangu, mkono wake ukatoka nje. Mjukuu nilikuwa nimemwita aje apime mapema. Akafunga kipimo, kikavuma. Kisha akauliza nimeanza lini kuvaa bangili.

Nilimwambia azivue! Eti hazitoki tangu anenepe.

Na presha yenyewe? Mia mbili! Imeipita yangu! Msichana gani huyo? Nilicheka mpaka mjukuu akanionya nisipasuke mshipa. Mama Bangili amepelekwa kliniki akiwa ameninunia.

Jumapili, tarehe 10 Machi. Wodini

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine una dripu.

Jana asubuhi nilipiga hesabu yangu: nikivimeza kwa mkupuo vidonge vyote nilivyoruka, nitakuwa nimefidia. Mjukuu atakuta presha imelala chini, aende zake masomoni. Nikavimeza. Nilikuwa naosha sufuria, mara sakafu ikanijia usoni. Mama Bangili alisikia kishindo, akaja, akapiga simu huku akinitukana.

Gari likaja, mjukuu wangu ndani. Hakuniita Bibi. Alitoa amri tu. Nilazwe chali, miguu ipandishwe juu ya kigoda. Ngozi yangu baridi kama samaki, kipimo kinatafuta namba hakizioni. Akaweka dripu ya maji. Haikutosha. Ndipo akafungua dawa ya kubana mishipa, akaiingiza tone kwa tone, macho kwenye kipimo, vidole shingoni kwangu. Alimwambia dereva kwamba damu isiposukumwa, ubongo na figo vinakufa njaa. Kumbe gari lilelile lina dawa ya kushusha na dawa ya kupandisha!

Namba zilipoanza kupanda, nikahisi tone lingine mkononi. Halikuwa la dripu. Akaniuliza mimi nikifa, yeye atagombana na nani. Nami nikamuuliza kama presha imeshuka vya kutosha aende masomoni. Dereva alicheka hadi akaegemea mlango.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Ameondoka. Wakubwa wake walimwongezea siku chache. Mama Bangili ameapa kunisimamia nimeze kidonge mbele yake kila asubuhi, nami nimsimamie yeye. Mjukuu alinipima mara ya mwisho palepale kituo cha basi: mia na thelathini. Nilimsukuma ndani mwenyewe. Nikamwambia asigeuke nyuma, hata kisogo chake ni kizuri vya kutosha. Akageuka.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kikombe chake nimekiosha mara mbili, wala hakikuwa kichafu.

Leo Mama Bangili alipoinama kutafuta kidonge chake, nikakitema changu, nikakificha ndani ya soksi. Sitavimeza vyote kwa mkupuo tena, mimi si mjinga! Nitaviruka tu. Presha ipande kidogo, kiasi cha kumleta siku moja: anipime, anigombeze, anywe chai, arudi masomoni.

Soksini kipo kimoja. Sina haraka. Mke mwenzangu mwenyewe alisema, mambo ya presha ni polepole.